Simeon Nsibambi: Mganda wa Namirembe aliyewafanya majirani kuwa ndugu

Neno mlokole halikuzaliwa Dar es Salaam wala Nairobi. Muuza mitumba wa Kariakoo analitumia, kondakta wa matatu analitumia, na wengi wetu tunaliona kama Kiswahili cha siku zote. Asili yake ni Kiluganda: mulokole ni mtu aliyeokoka, na balokole ni waliookoka. Neno hilo lilivuka mipaka pamoja na watu wake katika miaka ya 1930 na 1940, wakitoka Uganda na Rwanda kwenda Kenya, Tanganyika na Burundi.

Karibu kila anayesimulia mwanzo wa safari hiyo hulitaja jina la Simeon Nsibambi. Hakuwa askofu, hakuwa mchungaji, wala hakuanzisha kanisa lake. Alikuwa muumini wa kawaida aliyeishi kwenye mlima wa Namirembe, Kampala, akivaa kanzu na kutembea bila viatu. Habari yake inatufaa sisi tunaoishi kwa kuvuka mipaka. Alikutanisha watu wa makabila tofauti, walioishi chini ya serikali tofauti na waliokuwa na sababu nyingi za kutoaminiana, wakapata nia moja. Na siku mgawanyiko ulipoonekana kuwa ndiyo njia rahisi, yeye alikuwa miongoni mwa waliowazuia wasigawanyike.

Mtoto wa chifu

Nsibambi alizaliwa Buganda mwaka 1897, miaka michache baada ya Waprotestanti na Wakatoliki wa nchi hiyo kupigana kwa silaha. Baba yake, Sezi Kimanje, alikuwa chifu, na mtoto wa chifu alipelekwa shule. Alisoma katika shule za Wamisheni, Mengo na Budo, ambako vijana wa Buganda waliandaliwa kushika nyadhifa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki, alitumikia katika kikosi cha tiba cha Waafrika. Baada ya vita alipata kazi ya afya katika serikali ya Buganda. Ilikuwa kazi ya heshima, yenye mshahara na nafasi ya kupanda cheo.

Lakini alikuwa na ndoto kubwa zaidi. Alitaka kwenda ng'ambo kusoma, na nafasi aliyoitarajia hakupewa. Jambo hilo lilimuuma sana. Ni katika uchungu huo, mwaka 1922, ndipo alipopata badiliko la imani ambalo alilishuhudia maisha yake yote: aliona kwamba masomo aliyoyalilia yangemfaa kwa muda tu, na kwamba uzima wa milele ulikuwa zawadi kubwa kuliko huo ufadhili aliounyimwa. Mwaka 1925 alimwoa Eva Bakaluba, na Mungu akawajalia watoto wengi.

Alianza kuhubiri, ila alikuwa kama mtu anayepiga kelele sokoni peke yake. Kanisa la Uganda wakati huo lilikuwa kubwa na lenye heshima. Ubatizo ulikuwa umekuwa sehemu ya maendeleo, kama vile shule na shati jeupe. Watu walijaa ibadani Jumapili, na Jumatatu wakarudia pombe, nyumba ndogo na hila. Nsibambi aliuona ubaridi huo, lakini hakuwa na mwenzake wa kushika naye njia.

Siku mbili za mwaka 1929

Mwenzake alitoka Rwanda. Joe Church alikuwa daktari kijana Mwingereza, aliyepangiwa hospitali ya misheni ya Gahini, juu ya Ziwa Muhazi. Wanaopeleka mzigo kutoka Kagitumba kwenda Kayonza hupita hapo Gahini. Mwaka 1928 na 1929 mashariki ya Rwanda ilipigwa na njaa kubwa ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Watu walikufa njiani, na wengine wengi walivuka kwenda Uganda kutafuta chakula. Daktari alihudumia wenye njaa hadi akachoka mwili na roho. Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, akiwa na hisia kwamba imani yake imekauka.

Jumapili moja alimkuta Nsibambi Namirembe, amesimama kando ya pikipiki yake. Kila mmoja alikiri kwa mwenzake kwamba kuna kitu kinampungukia. Wakakaa pamoja siku mbili wakifungua Biblia na kufuatilia yote yanayosemwa humo juu ya Roho Mtakatifu, kisha wakaomba.

Kwa msomaji wa leo hilo ni jambo dogo. Kwa wakati ule lilikuwa kubwa. Mzungu wa misheni alizoea kumfundisha Mwafrika, na Mwafrika alizoea kumwitikia. Hawa wawili walikaa kama wanafunzi wa darasa moja, kila mmoja akimweleza mwenzake udhaifu wake. Namna hiyo ya kukaa ndiyo iliyokuja kuwa kanuni ya kikundi kizima.

Daktari alirudi Gahini. Nsibambi alibaki Kampala, na muda si mrefu mmisionari mmoja wa huko akaandika kulalamika kwamba Mganda huyo amerukwa na akili: anamuuliza kila anayekutana naye kama ameokoka, hata mtunza bustani hakumwacha. Nsibambi aliiacha kazi ya serikali. Akavua viatu, akaona ni fahari isiyo ya lazima, akatumia wakati wake wote kuhubiri na kuongea na watu mmoja mmoja.

Ugomvi wa Gahini

Palipohitaji amani kwanza palikuwa Gahini penyewe. Misheni hiyo ilikuwa na Waganda waliokuja kufundisha, Wanyankole waliokuja kuhudumia wagonjwa, Watutsi, Wahutu na Wazungu wachache. Kila kundi lililitazama jingine kwa jicho la pembeni. Wafanyakazi wa hospitali walinung'unika juu ya kazi na malipo, na watu wa hospitali na watu wa shule hawakupikika chungu kimoja.

Shuleni alikuwepo Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyeiacha Buganda akaja Rwanda kufundisha. Alikuwa na bidii iliyowachosha baadhi ya watu. Hospitalini kiongozi wa wafanyakazi alikuwa Yosiya Kinuka, mtu wa Ankole, aliyekuwa amechoka na lawama na karibu aache kazi.

Mwaka 1931 daktari alimshauri Kinuka aende Kampala akamwone Nsibambi. Kinuka alifika, akaulizwa hali ya hospitali, akaieleza: wafanyakazi wagumu, kazi haiendi. Nsibambi hakumpa mbinu za uongozi. Alimwambia kwa upole lakini bila kuzunguka kwamba chanzo cha taabu ya Gahini kilikuwa dhambi iliyokuwa moyoni mwa Kinuka mwenyewe, na kwamba wafanyakazi walikuwa wakiufuata mfano wake.

Ni maneno ambayo mtu angeweza kuyakasirikia akaondoka. Kinuka aliyatafakari barabara nzima ya kurudi, na kabla ya kufika Gahini alikuwa ameyakubali. Aliporudi, aliwaomba msamaha aliowakosea na kuyakiri makosa yake. Yeye na Blasio wakawa kitu kimoja. Hospitali na shule zikaanza kuomba pamoja.

Hapo tunaona kazi ya Nsibambi ilivyokuwa. Gahini ilikuwa katika nchi iliyotawaliwa na Ubelgiji, mwendo wa siku nyingi kutoka kwake, na yeye hakuwa na cheo chochote huko. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kumwonyesha mtu mmoja kwamba hesabu aliyokuwa akiidai kwa wengine ilianzia katika daftari lake mwenyewe.

Moto wasambaa

Mwisho wa mwaka 1933, katika mkutano wa Biblia hapo Gahini, mtu mmoja alisimama akakiri dhambi zake hadharani. Mwingine akafuata, kisha mwingine, kwa muda wa saa kadhaa. Kuanzia hapo mambo yalibadilika. Watu walirudisha vitu walivyoiba. Waliokuwa na deni walikwenda kulipa kabla ya kudaiwa. Mume alimwomba mkewe msamaha mbele ya watu, jambo ambalo wazee waliliona ni kituko.

Vikundi vidogo vya wahubiri vikaanza kutoka. Septemba 1935 kimoja kilifika Kabale, Kigezi, na nchi yote ile ikatikisika. Blasio alikuwa mmoja wa waliowaka zaidi. Januari 1936 alikwenda Kampala akiwa na hoja za kuwaeleza viongozi wa Kanisa la Uganda waliokuwa wakikutana katika sinodi, akitaka waamke usingizini. Homa ya papasi ilimpata, na tarehe 25 Januari akafariki kabla ya kusikilizwa. Alikuwa bado kijana, na aliacha mke na watoto.

Kwa Nsibambi lilikuwa pigo la ndugu wa damu. Kwa kikundi, lilikuwa jaribu la kwanza kubwa: mwenye sauti kubwa ameondoka, je, kazi itaendelea? Iliendelea. Neno Zukuka, yaani Amka, ambalo Blasio alilipigia mbiu, likafanywa mwito wa mikutano ya injili katika kanisa lile lile ambalo hakuwahi kulihutubia. Mwaka 1937 wajumbe walifika Kabete, Kenya. Mwaka 1939 walifika Katoke, upande wa Bukoba, Tanganyika. Burundi nayo ilifikiwa kupitia vituo vilivyofunguliwa katikati ya miaka hiyo ya 1930. Wimbo wa Tukutendereza ukawa kitambulisho. Mkikuyu, Mhaya, Mrundi na Mnyarwanda waliuimba kwa Kiluganda bila kuhitaji kuijua lugha hiyo.

Kikundi kisicho na ofisi

Ajabu ya watu hawa ni kwamba hawakuwa na chama. Hapakuwa na mwenyekiti, kadi, ada wala jengo. Kilichokuwepo ni ushirika wa kila wiki. Watu walikaa pamoja, wakaimba, wakasoma Neno, kisha yeyote aliyetaka alisimama akaeleza alivyoishi tangu walipoonana: pale alipojikwaa, pale aliposaidiwa. Karani alimsikiliza mchunga ng'ombe, na mwanamke alisimama kama mwanamume. Waliita hali hiyo kutembea nuruni.

Mwelekeo nao ulitafutwa pamoja. Mtu aliyetaka kuoa, kuhama, kwenda kuhubiri nchi nyingine au kufanya jambo kubwa la fedha alilileta kwa ndugu. Waliweza kumtia moyo na waliweza kumzuia. Aliyesafiri alikwenda kama aliyetumwa, na alipofika ng'ambo alipokelewa katika nyumba za watu ambao hakuwahi kuwaona.

Sisi tunaopeleka bidhaa mali kauli tunaelewa thamani ya jambo hilo. Mzigo wa ndizi au wa vitenge unavuka mpaka, fedha itafuata wiki ijayo, na hakuna karatasi itakayokusaidia mahakamani. Unachotegemea ni sifa ya mtu. Walokole wa kwanza walijenga sifa hiyo kwa njia ngumu: kila mmoja alijua kwamba wiki ijayo atakaa mbele ya wenzake, na makosa ya siri yatatafuta njia ya kutoka.

Njia hiyo ilikuwa na maumivu yake pia. Wengine walikiri mambo ambayo hayakupaswa kusikiwa na kila mtu. Wengine waligeuza ukweli kuwa fimbo ya kuwachapa majirani, wakimwita mchungaji mnafiki usoni pake. Watu wa kawaida waliwaona kuwa wenye kiburi, na wapo walioupata usumbufu wao hadi usiku wa manane.

Mukono, 1941

Kiburi hicho na hofu ya viongozi viligongana katika Chuo cha Bishop Tucker, Mukono, kilichokuwa kikiwaandaa wachungaji. Wanafunzi walokole waliamka alfajiri kuomba na kuhubiri, wakawashutumu walimu kwa mafundisho waliyoona yamepoa. Uongozi uliwakataza mikutano hiyo. Hawakukubali. Oktoba 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa, na pamoja nao William Nagenda, aliyekuwa mhubiri mwenye kipaji na shemeji yake Nsibambi, kwa kuwa wake zao walikuwa dada.

Sasa njia ilikuwa wazi ya kuanzisha kanisa jipya. Walikuwa na wahubiri, walikuwa na watu maelfu katika nchi kadhaa, na walikuwa na uchungu wa kuonewa. Afrika Mashariki ilikwisha kuona makanisa mapya yakizaliwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Upande wa pili, wapo viongozi wa kanisa waliotamani walokole waondoke ili wapumzike.

Nsibambi alisimama na wale waliosema wabaki. Hoja yake ilitokana na mambo yale yale aliyomweleza Kinuka miaka 10 nyuma: anayeondoka kwa sababu wengine ni wabaya huwa ameacha kujihesabu miongoni mwa wabaya. Aliona pia kwamba moto waliopewa ulikuwa kwa ajili ya kanisa zima, na ukichukuliwa kando utawapasha joto wachache tu. Askofu Cyril Stuart kwa upande wake alichagua subira badala ya kuwatenga. Mazungumzo yalikuwa marefu na majeraha hayakupona haraka, lakini kikundi hakikutoka.

Matunda ya uamuzi huo yalionekana. Mwaka 1945, Kabale, watu wapatao 15,000 walikusanyika kutoka nchi zote jirani kukumbuka miaka 10 tangu uamsho ulipoingia Kigezi. Mwaka 1966 Erica Sabiti, mlokole, akawa askofu mkuu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo la Uganda. Aliyemfuata, Janani Luwum, naye aliokoka kupitia watu hawa mwaka 1948. Wale waliotakiwa kutolewa nje ndio waliokuja kukabidhiwa funguo za nyumba.

Nyumba ya Namirembe

Tangu miaka ya 1940 afya ya Nsibambi ilidhoofika, akawa hasafiri tena. Nagenda na wengine ndio waliokwenda mbali, hata Ulaya. Yeye alibaki nyumbani, na watu wakawa wanampandia mlimani. Walikuja wachungaji, wake wa machifu, walimu kutoka Rwanda, na wasafiri waliosimama Kampala kabla ya kuendelea Kenya. Kwa kawaida aliwauliza kwanza juu ya roho zao kabla ya kuuliza habari za safari, na wengi walitoka kwake wakiwa wanyenyekevu kidogo kuliko walivyoingia.

Aliishi muda wa kutosha kuona mazuri na machungu ya kazi hiyo. Katika miaka ya 1950 huko Kenya, walokole wengi wa Kikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi pia walikataa kushika bunduki ya serikali. Walichukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Uganda, waliojulikana kama Bazukufu walijitenga na wenzao kwa kukaza masharti, likiwemo lile la muumini kutoishi kwa madeni. Wafanyabiashara walokole walijikuta katikati ya ubishi huo: wengine waliona mkopo ni kamba shingoni, wengine waliona ni jembe la kazi. Kwa hiyo mgawanyiko uliozuiwa mwaka 1941 ulipata mlango mwingine.

Mwaka 1977 serikali ya Idi Amin ilimuua Askofu Mkuu Luwum. Mwaka uliofuata, 1978, Nsibambi alifariki akiwa na miaka zaidi ya 80. Mwanawe Apolo baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Uganda, kuanzia 1999 hadi 2011.

Aliyoyaacha

Mwaka 1994 Rwanda iliingia gizani, na nchi ambako uamsho huu ulianzia iliona waumini wakiwaua waumini. Hilo haliwezi kuachwa nje ya habari hii. Makanisa mengi yalishindwa. Wapo pia, miongoni mwa walokole na wengineo, waliokataa kutenganishwa kwa kabila, waliowaficha waliowindwa, na waliokufa pamoja nao. Tofauti kati ya hao na wengine haikuwa katika nyimbo walizozijua, kwa sababu nyimbo wote walizijua. Ilikuwa kama bado walikuwa na watu wa kuwaambia ukweli, na kama walikubali kuambiwa.

Nsibambi hakuacha kitabu cha sheria wala mali. Aliacha desturi: kabla ya kikundi kuuliza kinakwenda wapi, kila mmoja afungue daftari lake. Kinuka alilifungua la kwake barabarani kuelekea Gahini, na hospitali iliyokuwa ikivunjika ikasimama. Vikundi vingi vya mpakani, vya ibada, vya kuweka na kukopa, vya wanawake wanaonunua mzigo kwa pamoja, huvunjika wakati wanachama wanapojadili kwa ukali kosa la mweka hazina huku kila mmoja akilificha la kwake.

Hospitali ya Gahini bado ipo, na ziwa liko pale pale chini yake. Ushirika wa kila wiki nao bado unakaa, Kabale, Bukoba, Nairobi na Bujumbura, mara nyingi sebuleni kwa mtu au chini ya mwembe. Mgeni aliyetoka ng'ambo hukaribishwa, akapewa chai, kisha akaulizwa taratibu habari za moyo wake.